Broadway, Burma 1944: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uwanja wa ndege uliojengwa kwa mchana mmoja

Ukitaja vita vya Burma mbele ya Waswahili, wazee husikiliza kimya na vijana huanza kuuliza. Maswali yenyewe hujirudia, na mengi huishia kwenye uwanja mmoja wa ndege ambao haukuwa na lami, wala jengo, wala hata uzio. Haya hapa majibu. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi, mengine yanatosha kwa sentensi mbili.

Broadway? Si ni mtaa wa New York huo?

Jina ndilo hilo, mahali ni pengine. Broadway tunayoizungumzia ilikuwa uwazi wa majani katikati ya msitu wa kaskazini mwa Burma, nchi ambayo leo tunaiita Myanmar. Ilikuwa mashariki ya reli inayopanda kwenda Myitkyina, ndani kabisa ya eneo lililoshikwa na Wajapani. Wapangaji wa vita walichagua sehemu kadhaa za namna hiyo na kuzipa majina ya mitaa mashuhuri ili adui akinasa redio asiambulie kitu: Piccadilly wa London, Broadway wa New York, Chowringhee wa Calcutta. Baadaye zikaongezwa Aberdeen, kwao mke wa Orde Wingate, jenerali aliyeongoza operesheni hii, na White City, iliyopata jina kwa miavuli myeupe ya mizigo iliyonasa juu ya miti.

Majina ya vita yana tabia ya kung'ang'ania. Kariakoo ya Dar es Salaam ilitokana na kikosi cha wapagazi cha vita vya kwanza, Carrier Corps, na hakuna aendaye sokoni leo anayewaza wapagazi. Broadway ya Burma haikubahatika hivyo. Wanajeshi walipoondoka, jina nalo liliondoka.

Kwa nini jeshi lijenge uwanja wa ndege nyuma ya adui?

Kwa sababu ya tatizo la mwaka uliotangulia. Mwaka 1943 Orde Wingate, ofisa Mwingereza, aliingiza watu wake Burma kwa miguu, wavuruge reli na njia za Wajapani. Walikuwa wakiitwa Machindit, jina lililotoholewa kutoka chinthe, simba wa sanamu anayelinda malango ya mahekalu ya Burma. Walilipua reli, lakini gharama ilikuwa kubwa mno. Hapakuwa na namna ya kuwatoa majeruhi. Aliyevunjika mguu aliachwa kijijini, au chini ya mti, na kibuyu cha maji na bastola. Kila askari alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na ukitembea huku unajua hivyo, mguu wako unakuwa mzito.

Safari hii Wingate alitaka mambo mawili: watu waingie kwa ndege badala ya kukata milima wiki nzima, na majeruhi watoke kwa ndege. Yote mawili yanahitaji uwanja. Ndipo ikabuniwa Operesheni Thursday, ya Machi 1944.

Wasomaji wa huku wanaweza kumkumbuka Wingate kwa jambo jingine. Mwaka 1941 aliongoza kikosi kidogo kilichotoka Sudan kuingia Ethiopia dhidi ya Waitaliano, na Mei mwaka huo aliingia Addis Ababa pamoja na Haile Selassie. Jeshi lililotoka Kenya, lenye askari wetu wa keya (King's African Rifles) ndani yake, lilikuwa limekwisha kuuteka mji huo tangu tarehe 6 Aprili.

Uwanja unajengwaje mahali ambapo huwezi hata kufika?

Hapa ndipo penye utamu wote wa habari hii, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Waliokuja na jibu ni Wamarekani, kikosi kipya cha Air Commando chini ya Philip Cochran na John Alison. Kikosi hicho kilikuwa na ndege za kivita, ndege ndogo za kubeba wagonjwa, ndege za mizigo aina ya Dakota, na glaida. Glaida ni ndege isiyo na injini. Inakokotwa kwa kamba na ndege nyingine, kisha inafunguliwa na kushuka yenyewe kama mwewe aliyechoka. Aina iliyotumika iliitwa Waco: mifupa ya mabomba ya chuma, ngozi ya turubai, sakafu ya mbao nyepesi. Pua yake inafunguka kwenda juu kama mdomo wa kiboko, na mdomoni humo linaingia gari la jeep, au askari 13 na vitu vyao, au katapila dogo.

Hilo katapila dogo ndilo siri yenyewe. Wazo lilikuwa rahisi hata linaonekana la kitoto. Glaida zinashuka usiku wa kwanza kwenye majani, maana zenyewe hazihitaji uwanja. Ndani yake wamo walinzi na wahandisi wenye mashine. Kukicha, wahandisi wanasawazisha ardhi. Giza la usiku wa pili likiingia, Dakota zinatua.

Glaida ikishatua haiwezi kujirudisha angani. Walioingia usiku wa kwanza walikuwa wameweka maisha yao juu ya greda.

Ni kweli operesheni ilikaribia kufutwa dakika za mwisho kwa sababu ya picha moja?

Ni kweli. Jioni ya tarehe 5 Machi 1944, kwenye uwanja wa Lalaghat huko Assam, India, glaida zilikuwa zimepangwa, kamba zimelazwa chini, watu wamekaa vivulini wakivuta sigara. Mpango ulikuwa kushuka sehemu mbili, Piccadilly na Broadway. Wingate alikuwa amekataza ndege kuruka juu ya sehemu hizo, asije Mjapani akashtuka. Cochran hakutulia. Siku hiyohiyo akatuma ndege ikapige picha kimyakimya.

Picha zikafika zikiwa bado mbichi. Broadway ilikuwa wazi. Piccadilly ilikuwa imejaa magogo ya mitiki, yamelazwa safu kwa safu uwanja mzima. Glaida ambazo zingetua pale gizani zingepasuka zote.

Kila mmoja aliwaza jambo moja: tumeuzwa. Je, na Broadway ni mtego, imeachwa wazi makusudi? Wingate alikuwepo, na Jenerali William Slim, mkubwa wa Jeshi la 14, alikuwepo. Michael Calvert, ambaye brigedi yake ya 77 ndiyo ingetangulia, akasema yuko tayari kuwapeleka watu wake wote Broadway. Slim akaafiki. Cochran alipanda juu ya gari akawaambia marubani wake kwamba pamepatikana mahali pazuri zaidi. Uongo wa kiungwana, nadhani, maana hakuna aliyejua kama pangekuwa pazuri.

Baadaye ilikuja kujulikana kuwa hapakuwa na mtego wowote. Wakata mbao wa Kiburma walikuwa wametoa magogo yao msituni wakayaanika uwazini yakauke, kama watu wanavyoanika mpunga.

Usiku wa kwanza ulikwendaje?

Vibaya. Niseme hivyo kabla sijaingia kwenye maelezo, kwa sababu wengi huisimulia Broadway kama ushindi mtupu.

Glaida ya kwanza iliondoka Lalaghat saa kumi na mbili jioni na dakika chache, mwezi ukikaribia kuwa mpevu. Safari ilikuwa ya kilomita 400 hivi, na katikati kuna milima inayozidi mita 2,000. Kila Dakota ilikokota glaida mbili, na glaida zenyewe zilikuwa zimezidishwa mzigo, kwani kila askari aliongeza risasi kidogo na chakula kidogo pasipo mtu kujua. Kupanda milima ile, hewa ikiyumba, kamba zikaanza kukatika. Baadhi ya glaida zilianguka upande wa India na nyingine zikaanguka katikati ya Wajapani. Katika zaidi ya 60 zilizoruka usiku ule, zilizofika Broadway ni thelathini na kitu.

Zilizofika zikakutana na jambo ambalo picha haikulionyesha. Kwa miaka mingi tembo walikuwa wakikokota magogo ya mitiki kupita uwazi ule kuelekea mtoni. Mvua zikachimba nyayo za magogo zikawa mifereji, na majani marefu yakaifunika. Kutoka juu ni zulia la kijani. Chini yake ni mahandaki. Glaida za kwanza zikagonga mifereji hiyo, magurudumu yakang'oka, zikalala palepale. Waliokuwa chini wakakimbia kuziondoa, lakini glaida haingoji. Rubani wa glaida hana breki ya maana wala injini ya kujirudisha juu azunguke tena. Zilizofuata zikaja gizani kimyakimya zikawavaa wenzao. Nyingine zilipitiliza hadi kwenye miti. Ilipokuwa glaida yenye katapila, katapila halikusimama na glaida, liliendelea mbele.

Watu zaidi ya 20 walikufa pale uwanjani, na wengine 30 hivi wakaumia. Nahodha wa wahandisi, Patrick Casey, alikuwa mmoja wa waliokufa.

Kati ya marubani wa glaida usiku ule alikuwemo Jackie Coogan, yule aliyekuwa mtoto maarufu wa sinema akicheza pamoja na Charlie Chaplin mwaka 1921. Alifika salama.

Nimesoma habari za "soseji". Ni utani?

Ni alama za siri. Katika posho ya askari kulikuwa na soseji za soya ambazo kila mtu alizichukia. Basi ikakubaliwa: mambo yakiharibika, Calvert atatuma neno "Soya Link", yakiwa mazuri, "Pork Sausage", soseji ya nguruwe, ambayo ndiyo waliyoitamani. Usiku wa manane, katikati ya ajali zile, redio ya Lalaghat ikapokea Soya Link na baada ya hapo kimya. Waliobaki India walikaa hadi asubuhi wakiamini wenzao wamechinjwa. Glaida zilizokuwa bado njiani zikarudishwa. Kulipokucha, Calvert akahesabu watu wake akaona wapo wa kutosha, na Mjapani hata mmoja hajatokea. Akatuma Pork Sausage.

Basi uwanja ulijengwa na nani, ikiwa nahodha amekufa na mashine zimevunjika?

Na Robert Brockett, luteni wa kampuni ya 900 ya wahandisi wa anga wa Marekani, pamoja na wachache waliobaki wakiwa wazima na mashine chache zilizoamka: katapila, greda ndogo, jeep. Asubuhi ya tarehe 6 Alison alimwuliza kama inawezekana kutengeneza uwanja mahali pale. Brockett akaangalia akasema inawezekana. Utachukua muda gani? Akajibu kwa swali: akimaliza leo alasiri, watakuwa wamechelewa?

Kila nikiisimulia, kuna mtu wa kazi za barabara anayecheka hapa. Greda moja na katapila moja, kilomita moja na zaidi ya njia ya kurukia, mchana mmoja! Lakini fikiria kilichohitajika hasa. Dakota haidai lami. Inadai ardhi ngumu iliyonyooka, isiyo na shimo la kumeza gurudumu, na ncha mbili zisizo na miti mirefu. Machi kaskazini mwa Burma ni kiangazi, ardhi imekauka kama tofali. Kazi ilikuwa kujaza mifereji ya tembo, kukata vishina, kufyeka majani na kuburuta mabaki ya glaida pembeni. Mashine zilifanya sehemu yake na mamia ya askari wakafanya iliyobaki, wengine kwa koleo, wengine kwa mapanga, wengine wakikanyaga udongo kwa mabuti. Wazike wenzao, kisha warudi kwenye mfereji.

Usiku huo Dakota zikaanza kutua, ya kwanza ikiendeshwa na Brigedia Jenerali William Old mwenyewe, mkubwa wa kikosi cha ndege za kubeba askari. Hadi alfajiri zilikuwa zimetua 62.

Kwa nini hawakutandika yale mabamba ya chuma yenye matundu?

Swali zuri, na hesabu yake inafurahisha. Mabamba yale, ambayo Wamarekani waliyaita Marston kwa jina la mahali yalipojaribiwa North Carolina mwaka 1941, ndiyo yaliyofanya viwanja vya muda viwezekane Normandy na visiwa vya Pasifiki. Bamba moja lina urefu wa mita tatu, upana wa sentimita 38, na uzito wa kilo 30 hivi. Sasa chukua njia ya mita 1,400 kwa 30. Unahitaji mabamba kama 36,000, ambayo ni tani zaidi ya elfu moja. Dakota inabeba tani mbili na nusu hadi tatu. Ungehitaji safari 400 kuleta sakafu tu, kabla hujaleta askari wa kwanza wala gunia la mchele.

Mabamba ni kwa mahali ambapo meli inafika. Broadway ilikuwa uwanja wa kiangazi, na kila mtu alijua kuwa siku mvua za monsuni zikianza, kazi imekwisha.

Ni watu wangapi walipita hapo?

Hadi tarehe 11 Machi, kupitia Broadway na Chowringhee kwa pamoja: wanajeshi 9,052, farasi 175, nyumbu wa mizigo 1,183, na tani zaidi ya 230 za vifaa. Chowringhee ilitumika siku chache tu ikaachwa. Wajapani walikuja kuipiga mabomu watu wakiwa wameshaondoka.

Nyumbu ndani ya ndege?

Ndiyo, na si wale wanaovuka mto Mara. Hawa ni mabaghala, watoto wa punda na farasi. Walipandishwa Dakota kwa njia ya mteremko wa taratibu, wakafungwa ndani ya vizizi vya mianzi, kila safari ikiwa na mchungaji aliyeagizwa ampige risasi mnyama atakayepandwa na wazimu angani. Kabla ya hapo mabaghala wengi walikuwa wamekatwa nyuzi za sauti, maana mlio mmoja msituni ungewauza watu mia. Fikiria mlolongo wa wanyama zaidi ya elfu wakitembea usiku, wanafungua midomo na haitoki sauti.

Waliowazoea walisema walikuwa watulivu ndani ya ndege kuliko askari.

Wajapani walikuwa wapi muda wote huo?

Walichelewa kuelewa. Sababu mojawapo ni zile glaida zilizopotea: zilianguka huku na kule kwa mapana hivi kwamba taarifa walizopata hazikuonyesha shabaha moja. Ajali iliyoua watu ikawafunika wenzao. Pia jeshi kubwa la Japan lilikuwa limeelekeza macho magharibi, likivuka mto Chindwin kwenda Imphal na Kohima, miji ya India.

Ndege zao zilianza kuishambulia Broadway katikati ya Machi. Spitfire chache za Waingereza zilizokuwa zimeletwa kukaa palepale zikapambana nazo, na ndani ya siku chache zikamalizwa au kuondolewa. Uwanja usio na rada ya kutosha ni mahali pabaya pa kulaza ndege ya kivita. Mwishoni mwa mwezi askari wa miguu wa Japan waliuvamia uwanja usiku, wakapigana na walinzi siku kadhaa, wakafukuzwa.

Na majeruhi? Je, mpango wa Wingate ulifaulu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ndege ndogo za Marekani, L-1 na L-5, ziliweza kutua kwenye kipande cha shamba la mpunga, zikachukua majeruhi na kuwaleta Broadway au Aberdeen, na hapo Dakota iliyoshusha risasi ikaondoka na machela. Mtu aliyepigwa risasi asubuhi angeweza kulala kwenye kitanda cha hospitali India usiku uleule. Kwa aliyetembea na Wingate mwaka 1943 hilo lilikuwa karibu na muujiza.

Hapo pia ndipo helikopta ilipookoa watu vitani kwa mara ya kwanza. Tarehe 25 na 26 Aprili 1944, Luteni Carter Harman, akiwa na Sikorsky YR-4B iliyopita Aberdeen, alimchukua rubani wa ndege ndogo iliyoanguka pamoja na majeruhi watatu Waingereza, mmoja mmoja, kwa kuwa joto lile halikuiruhusu injini kuinua zaidi ya abiria mmoja. Ikawa inachemka, anasubiri ipoe, anarudi.

Ukitaka kuona uzito wa uwanja, angalia mahali ulipokosekana. Mwezi Mei kikosi kingine cha Machindit kilizingirwa kwenye ngome ya Blackpool, mvua zimeanza, uwanja wao mdogo umeangukia mikononi mwa adui. Walipolazimika kukimbia tarehe 25 Mei, majeruhi ambao hawakuweza kubebwa na ambao hawakuwa na tumaini walipigwa risasi na upande wao wenyewe ili wasiachwe. Wakati huo Broadway ilikuwa imefungwa siku kumi na kitu tu.

Ilifungwa lini, na kwa nini?

Katikati ya Mei 1944. Wingate alikuwa amekufa tangu tarehe 24 Machi, ndege aliyopanda ilipoanguka milimani huko Manipur. Aliyemrithi, Joe Lentaigne, aliagizwa awasogeze Machindit kaskazini wamsaidie Jenerali Joseph Stilwell wa Marekani. Aberdeen, White City na Broadway zikaachwa moja baada ya nyingine kabla matope hayajazimeza. Mizinga ikapakiwa, walinzi wakapakiwa au wakatembea kaskazini, na uwanja ukarudi kuwa majani. Brigedi ya Calvert ikaendelea hadi kuuteka mji wa Mogaung mwishoni mwa Juni, ikiwa imebaki na watu wachache mno wenye uwezo wa kusimama.

Umri wa Broadway, basi, ni wiki kumi.

Babu yangu alipigana Burma. Je, alipita Broadway?

Hili ndilo swali ninaloletewa kuliko yote, na mara nyingi jibu langu linamvunja moyo muulizaji. Kama babu yako alikuwa keya, yaani King's African Rifles, hapana. Waafrika waliokuwa Machindit walitoka Afrika Magharibi: brigedi ya tatu, yenye vikosi vitatu vya Nigeria, iliyotua Aberdeen na kulinda ngome kama White City. Hao ndio waliopita kwenye viwanja hivi vya katikati ya msitu.

Lakini usiondoke bado. Askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini walikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wenye alama ya kichwa cha faru begani. Agosti 1944, Broadway ikiwa imekwisha kufungwa, divisheni hiyo ilianza kuteremka bonde la Kabaw kutoka Tamu, katikati ya masika ya huko, malaria ikichukua watu kuliko risasi. Barabara ikawa uji. Malori yakazama hadi vioo. Kwa wiki nyingi chakula na risasi vilishuka kwa miavuli kutoka Dakota za aina ileile iliyotua Broadway, na pale ardhi iliporuhusu, vikafyekwa viwanja vidogo vya kutolea wagonjwa. Novemba walikutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 karibu na Kalemyo; Desemba wakaiteka Kalewa na kuvuka mto Chindwin, na nyuma yao wahandisi wakajenga daraja la kuelea la zaidi ya mita 350.

Kwa hiyo babu akikwambia aliwahi kusubiri mchele udondoke kutoka mawinguni, au kwamba rafiki yake alipelekwa hospitali kwa "ndege ndogo kama panzi", mwamini. Kazi iliyojaribiwa Broadway mwezi Machi ndiyo iliyomlisha yeye mwezi Septemba.

Nitapataje jina la ndugu yangu aliyefia huko?

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari lake mtandaoni, na kutafuta ni bure. Wengi wa wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye Mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon, wenye majina karibu 27,000, ya Waafrika Mashariki yakiwemo. Anza na namba ya jeshi kama familia imetunza barua au medali, kwa kuwa medali nyingine zina namba iliyochongwa ukingoni. Kama huna namba, tafuta kwa kikosi na mwaka, na ujaribu kuliandika jina kwa kila namna ambayo karani asiyejua lugha yenu angelisikia: Juma na Jumah, Mwangi na Muangi, Kipkemboi bila k ya katikati. Pia jaribu jina la baba kama ndilo la mwisho, na jina la kwanza peke yake, maana askari wengi waliandikishwa hivyo.